Nyaraka za siasa Mlimani: za nani zikusanywe kwanza?

African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, Kleist Sykes ndiye aliyekuwa katibu wake. Alifariki 1949, miaka mitano kabla ya TANU kuzaliwa, akaacha maandishi ya mkono wake kuhusu maisha yake. Maandishi hayo yalibaki nyumbani kwa familia. Baadaye mjukuu wake, aliyekuwa akisoma historia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akayatumia kuandika makala iliyochapishwa 1973, na tangu hapo ni vigumu kuandika historia ya siasa za mji huo bila kupitia makala ile. Familia ilitunza karatasi, na mjukuu akatokea kuwa darasani mwa walimu wa historia. Kama moja ya hayo mawili lingekosekana, leo tusingekuwa na kitu.

Basi hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu inapaswa kutafuta karatasi gani za siasa, na zipi iziache? Mlimani ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili. Idara ya East Africana katika maktaba yake ina makusanyo yanayojulikana na watafiti, kama ya Hans Cory na ya Henry Fosbrooke, wote wawili watu wa serikali ya kikoloni walioandika mengi juu ya mila na utawala wa wenyeji. Ni hazina, sibishi. Lakini ni karatasi za waliotawala. Za waliotawaliwa na wakaanza kufanya siasa ziko mikononi mwa watu, kwenye masanduku na makabati, na nyingine zimeshaliwa na mchwa.

Wapo wanaosema chuo kianze na vigogo: mawaziri wakuu, makatibu wakuu wa vyama, mabalozi. Hoja yao si ya kupuuza. Fedha ni chache, na mtafiti anayetoka Kigoma au Berlin atafunga safari kwa ajili ya barua za mtu aliyekuwa Baraza la Mawaziri mwaka 1967, si kwa ajili ya leja ya ada za tawi la Magomeni. Jina kubwa huleta wafadhili, na mfadhili akishalipia rafu na viyoyozi, hata karatasi za wadogo hupata pa kukaa. Isitoshe, barua binafsi za kiongozi hazimo katika wajibu wa kila siku wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake ya msingi kwa sheria ya 2002 ni kumbukumbu za umma. Chuo kisipozichukua, huenda asizichukue yeyote.

Nakubaliana nao mpaka hapo tu. Kwanza, waliokuwa juu kabisa tayari wana mlinzi: tangu 2004 ipo sheria maalumu ya kuwaenzi waasisi wa taifa. Chama tawala nacho kina hifadhi yake Dodoma. Pili, sanduku la kigogo linakuja na matatizo yake. Mstaafu anapoondoka ofisini, mafaili ya serikali na barua za nyumbani huchanganyika. Ukifunua, chini ya kadi za harusi na risiti za karo unakuta jalada lenye muhuri wa SIRI. Hilo si mali ya mtoaji wala ya chuo, na chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 kukaa nalo ni hatari kwa mhifadhi mwenyewe. Linapaswa kurudishwa serikalini kwa maandishi, na chuo kisichokuwa na mtu wa kulitambua siku maboksi yanapoingia kisiyapokee kwanza.

Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Wakati wa kukusanya, hatujui nani atakuwa mkubwa. Mwaka 1967 wanafunzi wachache hapo Mlimani waliunda umoja wa kimapinduzi, USARF, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Baadaye wenzake walitoa jarida la Cheche, lililochapwa kwa stensili kwenye karatasi za kawaida. Novemba 1970 umoja ulifutwa na jarida likapigwa marufuku. Mhifadhi wa siku hizo aliyefuata kanuni ya vigogo kwanza angeyaona makaratasi hayo kuwa kelele za vijana. Leo yeyote anayetaka kuelewa fikra za viongozi wa Afrika Mashariki waliopita hapo lazima ayatafute.

Kwa hiyo ninaegemea upande wa pili: chuo kianze na karatasi ambazo hakuna mtu mwingine mwenye wajibu wa kuzitunza. Nazo ni karatasi za walioshindwa uchaguzi, vyama vilivyogawanyika, matawi, vyama vya wafanyakazi na vya wanafunzi. Fikiria daftari la mihutasari la tawi la chama. Mwandishi anaorodhesha waliohudhuria, nani hakulipa ada, nani aliazima baiskeli ya tawi akairudisha ina pancha, kisha ghafla ukurasa mzima wa ugomvi kuhusu mgombea aliyeletwa kutoka juu. Hakuna hotuba ya kiongozi itakayokuonyesha chama kilivyoishi kwa namna hiyo. Na daftari hilo ndilo la kwanza kufungiwa maandazi katibu anapofariki.

Chukua uchaguzi mkuu wa 1995, wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe 1992. Augustine Mrema wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais, na upigaji kura Dar es Salaam ulivurugika hadi ukarudiwa. Miaka michache baadaye chama kiligawanyika, naye akahamia chama kingine, TLP. Chama kikipasuka, mafaili huondoka na aliyekuwa na funguo. Waliokuwa makatibu wa wilaya wakiwa na miaka arobaini sasa wana zaidi ya sabini. Matokeo yaliyotangazwa yamo vitabuni, lakini fomu za mawakala, barua za malalamiko na bajeti za kampeni zilizoandikwa kwa kalamu zitapatikana tu kwa atakayekwenda kubisha hodi.

Kuna pengo kubwa zaidi, na hapa kanuni zote mbili zinapwaya. Bibi Titi Mohamed aliingia siasani kupitia vikundi vya ngoma. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, na mwaka 1955 yeye na wenzake waliingiza maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa kupita kwa viongozi wa vikundi hivyo, wauza pombe na wauza maandazi. Kazi ya namna hiyo haikuacha mafaili. Makubaliano yalikuwa ya mdomo na matangazo yalikuwa nyimbo. Tunayajua kwa undani kwa sababu miaka ya 1980 mwanahistoria kutoka Marekani alikaa na akina mama hao akawarekodi. Kama sera ya chuo inasema “nyaraka” ikimaanisha karatasi peke yake, imeshawatoa nje wanawake hao kabla ya kazi kuanza. Kanda za sauti, khanga za kampeni na nyimbo ziandikwe katika sera hiyo kwa majina yake, zipewe namba na rafu kama barua ya waziri.

Upande wangu una udhaifu, na ulio mzito kuliko yote ni usalama wa watu. Daftari la wanachama wa chama cha upinzani ni orodha ya majina na mitaa. Mkuu wa chuo cha umma huteuliwa na Rais, na mishahara inatoka Hazina. Katibu wa tawi akiuliza, “Mkibanwa mtalitoa?”, mhifadhi hana jibu la kumtuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasaidia kiasi, lakini hofu ya huyu katibu haiondoki kwa kifungu cha sheria. Ninaona ni haki yake kukataa. Chuo kinaweza kumpa njia nyingine: karatasi zibaki kwake, chuo kizisajili na kupiga nakala za zile anazoziruhusu, na zenye majina ya walio hai zifungwe kwa mkataba wenye tarehe. Kumbukumbu za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa orodha za wanachama mimi ningeongeza.

Lawama nyingine ni kwamba chuo kikikusanya karatasi za wapinzani kitaonekana kimejiunga nao. Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, kinahifadhi nyaraka za ANC na pia za PAC, vyama vya ukombozi vya huko vilivyokuwa mahasimu wa miaka mingi, chini ya paa moja. Kinachokilinda ni kuchukua kutoka pande zote. Fort Hare inatuhusu kwa sababu nyingine pia: ANC, waliokuwa uhamishoni kwetu, walipoondoka Mazimbu, Morogoro, mwaka 1992, majengo ya shule yao ya SOMAFCO tulikabidhiwa sisi, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kumbukumbu za shule zilikwenda Fort Hare. Ni sawa, zilikuwa zao. Lakini wanakijiji waliouziana nao mahindi, walimu wa Kitanzania, wauguzi, wana upande wao wa habari hiyo, na huo hauko Fort Hare.

Wapo pia wasemao tusijisumbue, kwa kuwa walio nje wanakusanya. Ni kweli kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua na kukusanya machapisho ya ukanda huu, na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Hata usalama wa nyumbani si wa kujivunia: jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020, na Aprili 2021 moto ukateketeza sehemu ya maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Hiyo ni sababu ya kuwa na nakala katika miji miwili. Haiwi sababu ya mwanafunzi wa Mtwara kuomba viza ili asome kipeperushi kilichogawiwa stendi ya Mtwara.

Yapo ya kukataa bila kusita. Sanduku lililochambuliwa na familia likabaki picha za kukata utepe. Zawadi yenye sharti kwamba mtoaji aidhinishe kila kitakachoandikwa, au ifungwe bila tarehe ya kufunguliwa. Mbunge aliye madarakani anayetaka chumba chenye jina lake naye asubiri.

Ningekuwa na bajeti ya mwaka mmoja tu, nisingenunua skana kubwa. Ningeajiri wahifadhi wawili wanaojua kukaa barazani na wazee, mmoja aanzie Dar es Salaam na mwingine Tanga, wapewe nauli, kinasa sauti na fomu ya makubaliano iliyoandikwa kwa Kiswahili. Waanze na makatibu na wajumbe wa kike wa uchaguzi wa 1995, wa CCM na wa vyama vingine kwa pamoja, kwa sababu hao bado wanaweza kueleza wenyewe kila karatasi iliandikwa na nani, kwa nini, na ni nani aliyekataa kuisaini.