Kiko Kiko Wapi?

Mtu akikuuliza starehe yako ni nini, sema mpira. Sema hata ulevi, watakuelewa. Mimi nilisema ukweli mbele ya wanaume wenzangu hapa Walukuba, jioni moja tumekaa gizani tukingoja umeme urudi Jinja. Nikasema nakusanya viko. Pakawa kimya. Kisha mmoja akauliza, "Vijiko?"

Si vijiko, ni viko, vile vya kuvutia tumbaku. Lakini tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mzee Vijiko. Watoto wananisalimia kwa jina hilo kwa adabu kabisa, mikono miwili, huna hata pa kuanzia kuwagombeza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Moshi nimeumeza miaka ishirini bila kulipa hata senti. Sasa naulipia.

Balaa lilianzia Owino. Nilikwenda Kampala kutafuta suruali ya mtumba, nikapita kwenye rundo la mikanda na miwani isiyo na vioo, nikaona kiko kimevikwa ngozi. Nikakigeuza. Kimepigwa mhuri wa tembo, na jina lake, KIKO. Nikacheka kwa sauti. Umewahi kuona ng'ombe ameandikwa NG'OMBE ubavuni? Muuzaji alipoona meno yangu, bei ikapanda palepale. Nikalipa, nikarudi Jinja na suruali ileile niliyoondoka nayo.

Baadaye nikajua nilichonunua. Viko hivyo vilitengenezwa Arusha, na ndani vimewekwa jiwe liitwalo meerschaum, lililochimbwa pande za Amboseli. Jina ni la Kijerumani, maana yake povu la bahari. Jiwe jeupe, jepesi, na Waturuki wa Eskişehir ndio mabingwa wake wa siku zote. Sifa yake kubwa ni kwamba kadiri unavyovuta ndivyo linavyogeuka rangi, kutoka maziwa hadi chai ya maziwa hadi chai kavu. Watu wanakaa miaka wakilitazama likigeuka. Langu limevaa koti la ngozi. Linageuka humo ndani, linajijua lenyewe.

Hapo ningeacha. Lakini nikasoma kwamba kiko cha mti hunyonya unyevu, kwa hiyo ukikivuta leo, kesho ukipumzishe kikauke, la sivyo kitakuwa kichungu. Maana yake kiko kimoja hakitoshi. Wazungu wamekwenda mbali zaidi, wana seti ya viko saba, kila siku ya juma na chake. Nilimpigia Mama Doreen hesabu hiyo taratibu, kwa sauti ya daktari. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Baba Doreen, una viatu jozi ngapi?"

"Moja."

"Na hivyo havipumziki?"

Nikatafuta njia nyingine. Nina mpwa wangu yuko Uingereza, na kijana akiwa Uingereza mjomba wake anakuwa na mahitaji. Akaniletea kiko cha mti kilichotengenezwa Saint-Claude, Ufaransa, mji ambao umechonga viko tangu enzi za babu zao. Kwa kweli si mti hasa. Ni lile fundo gumu linaloota kati ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea, huko pwani za Mediterania. Wanalichimba, wanalichemsha kwa saa nyingi, wanalikausha kwa miezi, ndipo wanachonga, na moto hauliunguzi ovyo. Kilichoniuma ni kwamba kichaka hichohicho kinaota hapa kwetu, juu Ruwenzori, kimejaa kuvumwani kama ndevu za mzee. Ila kipo ndani ya hifadhi ya taifa. Ukienda na jembe utarudi na pingu.

Sasa nisikilizeni habari ya gunzi.

Kuna mji Marekani unaitwa Washington, si ule wa rais, huu uko Missouri. Tangu mwaka 1869 wanatengeneza viko vya gunzi la mahindi. Ndiyo, gunzi, lile unalomtupia mbuzi. Kila mpenzi wa viko anakuambia huna mkusanyo kama huna gunzi, kwamba linavuta kwa ubaridi, kwamba halihitaji kuzoeshwa moto kwanza. Nikaagiza. Bei yake ilikuwa ndogo kweli, lakini nauli ilikuwa kubwa kuliko gunzi, ushuru nao ukaja, na yule wa ofisi ya vifurushi akafungua boksi, akalitazama, akanitazama, akamwita mwenzake.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kiko."

"Kiko wapi?"

"Hicho hapo."

"Hili si ni gunzi?"

Ningesema nini? Lilikuwa gunzi. Nimesimama mbele ya watu wazima wa Jinja nikilipia gunzi kutoka ng'ambo, wakati nje ya mlango kuna mama anachoma mahindi na magunzi yamefika magotini. Nyumbani Mama Doreen hakusema neno. Alilichukua, akaliweka kwenye kapu la kuwashia sigiri. Nililikuta kwa bahati tu, mkaa umekwisha kushika.

Tumbaku nayo ina mambo yake. Arua wanalima, Hoima wanalima, malori yamejaa, lakini mimi sharti ile ya kopo. Mpwa akaniletea gramu 50 zenye Latakia. Jina ni la bandari ya Syria, ingawa siku hizi nyingi hutoka Kupro, na majani yake hukaushwa juu ya moshi wa kuni. Hapo ningeshtuka. Nilipowasha kiko cha Saint-Claude mlangoni, dakika tano hazikupita, paka wawili nisiowajua wakaja kuketi. Nyuma yao jirani, na sahani mkononi, anauliza sangara wa kukaushwa nauza kipande au kilo.

Na hata kuwasha kwenyewe si kuwasha. Unajaza bori, kile kichwa cha kiko kinachobeba tumbaku, mara tatu, kwanza kwa mkono wa mtoto, kisha wa mwanamke, kisha wa mwanamume. Unawasha. Huo si moto, huo ni moto wa uongo, tumbaku inavimba tu. Unashindilia, unawasha tena. Unazimika. Njiti ya sita, ya saba. Nimeona sufuria ya maharage ikiiva kwa kiberiti kidogo kuliko hicho.

Tena nivutie wapi? Tuna Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Shisha marufuku, kijana chini ya miaka 21 asiuziwe, na sehemu za umma usivute, wala ndani ya mita 50 kutoka hapo. Mimi ni fundi, futi yangu ndefu, nikapima. Kulia kwangu kuna chekechea. Kushoto kanisa. Nyuma zahanati. Mbele steji ya bodaboda. Kwa hesabu yangu, mahali ninaporuhusiwa kuvuta kiko ni ndani ya Ziwa Viktoria, maji ya kiuno, na huko nako kuna kiboko. Simlaumu aliyetunga sheria, moshi ni moshi na kifua changu kinajua. Nasema tu kwamba kwa mwezi nilikuwa navuta mara mbili na kununua mara nne.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Nebbi.

Nikaficha kila kitu. Mkwe ni mkwe, huwezi kumpulizia moshi mama aliyekuzalia mke. Viko vyote nikavifungia kwenye sanduku la vyuma vya kuchomelea. Siku ya pili, asubuhi, natoka kuoga, namkuta ameketi mlangoni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mdomoni ana kiko cha udongo chenye mrija wa unyasi, mrefu kama mkono. Tumbaku ameilima mwenyewe nyuma ya jiko. Akataka moto. Kabla sijafika kwenye kiberiti, akachukua kaa la moto kutoka kwenye sigiri kwa vidole, vidole hivi hivi, akaliweka juu ya bori. Mara moja. Halikuzimika hadi saa nne.

Mwalimu wa chekechea akapita, mita thelathini hazifiki. Akapiga magoti kumwamkia.

Nikauliza kwa heshima, "Mama, hicho unakipumzisha lini?"

Akafikiri. "Nikilala."

Mama Doreen, ambaye hajawahi kunionea huruma, akaenda kufungua sanduku. "Mama, mkweo naye anavyo." Akavipanga kwenye mkeka kimoja kimoja kama ushahidi mahakamani. Bibi akakishika cha Saint-Claude, akachungulia bori. "Hiki cha mtoto?" Akaonja Latakia, akakohoa, akanitazama kwa masikitiko. "Mkwe, tumbaku yako imeungua." Kile cha tembo akakigonga kwa ukucha, akauliza kwa nini kimevaa nguo.

Kisha akaliona gunzi. Akaligeuza, akalinusa, akatabasamu hadi nikaona pengo. Kesho yake alipopanda basi, gunzi la Missouri lilikuwa kwenye fundo la gomesi yake. Sikuombwa. Nililiaga kwa macho.

Jumapili akapiga simu. Mama Doreen akaweka spika. Bibi anasema wanawake wa kwao wamekiona kile kiko, wamekipenda, na wanamsifu mkwe kwa ufundi wa mikono. Wanataka vinne.

"Mwambie hakukitengeneza," nikanong'ona.

"Atatengeneza, Mama," Mama Doreen akasema.

Kwa hiyo niko nyuma ya nyumba na drili. Nimetoboa magunzi kumi na moja, tisa yamepasuka. Wale wa Missouri wana mbegu yao maalumu ya gunzi nene, na wanaliacha likauke kama miaka miwili. Yangu yameliwa Jumamosi, bado yana mate. Mawili yaliyobaki moja limepinda.

Mama Doreen amesimama mlangoni na hindi la kuchoma, analipukuchua punje moja moja, hana haraka. Namngojea amalize.