Shule ya kuandaa watoto kwa chuo kikuu Englewood: tuipime kwa kipi?

Mwaka 2010 wavulana 107 wa Urban Prep, shule ya sekondari ya mtaa wa Englewood, kusini mwa Chicago, walihitimu wote wakiwa wamedahiliwa vyuo vikuu vya miaka minne. Wote walikuwa Wamarekani weusi. Walipoanza mwaka 2006, ni asilimia 4 tu waliokuwa wakisoma kwa kiwango cha darasa lao. Kila aliyepata nafasi ya chuo alivua tai nyekundu ya sare akavaa tai ya mistari ya nyekundu na dhahabu, wenzake wakishuhudia. Kwa mtaa uliozoeleka kutajwa kwa habari za risasi tu, lilikuwa jambo kubwa, na wanaolibeza hawawatendei haki vijana wale.

Urban Prep ilianzishwa kama shule ya mkataba. Mfumo huo ulipata sheria yake ya kwanza Minnesota mwaka 1991: shule inalipiwa na serikali na haitozi ada, lakini inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba wa miaka kadhaa. Waombaji wakizidi nafasi, watoto huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu.

Kura hiyo ndiyo imewapa watetezi hoja yao nzito kuliko zote. Siku zote husemwa kwamba shule hizi hufaulu kwa sababu zinapata watoto wa wazazi wenye bidii. Lakini kule Boston watafiti waliwalinganisha walioshinda kura na walioikosa. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameomba, kwa hiyo bidii ya mzazi haiwezi kueleza tofauti. Waliopata nafasi walisonga mbele waziwazi, hasa katika hesabu. Mzazi asiye na pesa za shule binafsi wala uwezo wa kuhamia mtaa mwingine ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe anyimwe nafasi hiyo.

Hata hivyo, wapinzani nao wana hoja. Darasa lile la 107 lilianza na wanafunzi wapatao 150. Wengine walihama, wengine wakaachwa nyuma, na asilimia 100 iliyotangazwa haikuwahesabu. Mwaka 2011 mwanahistoria wa elimu Diane Ravitch alionyesha kwamba ni asilimia 17 tu ya wanafunzi wa shule hiyo waliofaulu mitihani ya jimbo. Kijana anayedahiliwa chuo bila msingi wa kusoma na hesabu anaweza kurudi nyumbani baada ya mwaka mmoja akiwa na deni na bila shahada.

Kuna pia suala la shule jirani, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mwanafunzi akihama, fedha ambazo serikali humlipia zinamfuata, lakini paa linalovuja na mshahara wa muuguzi wa shule vinabaki palepale. Englewood imekuwa ikipoteza wakazi kwa miongo mingi, hivyo kila shule mpya inagombea watoto wanaozidi kupungua. Urban Prep iliingia katika jengo la sekondari ya zamani ya Englewood, iliyokuwa ikifungwa hatua kwa hatua, ikaligawana na shule nyingine, TEAM Englewood. Mwaka 2013 jiji lilifunga shule zipatazo 50, nyingi katika mitaa ya watu weusi. Mwaka 2018 zamu ya kupigiwa kura ya kufungwa ikaifikia TEAM Englewood. Kuzilaumu shule za mkataba pekee si haki, maana watu walikuwa wakihama hata kabla yake. Lakini nazo zilizidi kuugawanya mtaa uliokuwa unapungua.

Mimi naunga mkono kuanzishwa kwa shule ya namna hii, ila si kwa kipimo cha barua za udahili. Mfano mzuri ulitolewa na KIPP, mtandao wa shule ulioanzia Houston mwaka 1994. Mwaka 2011 walichapisha wenyewe kwamba katika wanafunzi wao wa mwanzo, asilimia 33 ndio waliomaliza chuo cha miaka minne. Ilikuwa mara kadhaa ya kiwango cha watoto maskini nchini, lakini chini sana ya lengo lao. Waliwahesabu tangu mwisho wa darasa la nane, kwa hiyo hata walioacha sekondari njiani walikuwemo.

Mwanzilishi asiyekuwa tayari kuhesabu hivyo asipewe mkataba. Na kuna jambo moja linalosahaulika wakati wa uzinduzi. Mwaka 2022 bodi ya elimu ya Chicago ilipiga kura ya kuinyima Urban Prep mkataba, ikitaja usimamizi wa fedha na uongozi, na shule ikaenda mahakamani. Wanafunzi waliendelea na masomo bila kujua mwaka unaofuata watasomea wapi. Mkataba wa kwanza kabisa unapaswa kutaja, kabla mtoto hata mmoja hajaandikishwa, ni nani atakayewapokea watoto hao shule ikifungwa.