Nyuzi za Kuinua Uso: Inayodumu Zaidi Si Lazima Iwe Bora

Swali la kwanza la wateja wengi wa kliniki za urembo Masaki na Mikocheni, Dar es Salaam, wanaotaka kuinuliwa mashavu kwa nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi kwa sindano, ni moja: uzi utakaa muda gani? Wana haki ya kuuliza, maana bei si ndogo. Lakini uzi kubaki mwilini ni jambo moja, na uso kubaki umeinuka ni jambo jingine.

Tulinganishe malighafi tatu za nyuzi zinazoyeyuka mwilini: PDO, PLLA na PCL. PDO, ambayo madaktari wa upasuaji huishonea vidonda tangu miaka ya 1980, huyeyuka kwa takriban miezi 6 hadi 8. PLLA huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na PCL huweza kupita miwili. Zote huvunjwavunjwa na maji ya mwilini, na zote huuchochea mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kuuzunguka uzi. Ila nguvu ya kushikilia hupotea mapema: PDO huanza kulegea ndani ya wiki chache, ikiwa bado ipo chini ya ngozi.

Wanaoitetea PLLA na PCL wana hoja nzito. Kichocheo cha kolajeni hukaa muda mrefu, na PCL ni laini, haisumbui sana mtu anapotafuna. Tatizo huja uzi unapopitishwa juu mno badala ya kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Shavu hubonyea, au uzi huonekana kama mstari. Ikiwa ni PDO, kosa hilo huisha ndani ya miezi. Ikiwa ni PCL, unaishi nalo miaka, na kuutoa uzi wenye miba (vijino vidogo vya kushikilia) ni kazi ngumu kwa sababu miba hung'ang'ania nyama. Nyuzi za polipropilini, zisizoyeyuka kabisa, ziliachwa na wengi kwa shida hizo hizo.

Kwa maoni yetu, umbo la miba lina uzito kuliko jina la malighafi. Miba iliyochongwa kwa kukata uzi hupunguza unene wa kiini, hivyo uzi hukatika kirahisi. Iliyofinyangwa pamoja na uzi huacha kiini kizima. Kwa anayeanza, mwenye mashavu yaliyolegea kidogo, PDO yenye miba ya kufinyangwa, nyuzi 3 au 4 kila upande, inatosha. Ngozi iliyoning'inia sana haifai nyuzi za aina yoyote. Hiyo ni kazi ya upasuaji.

Hapa Dar kuna la ziada. Joto na unyevu ni maadui wa nyuzi hizi, kwani unyevu ndio unaoziyeyusha. Pakiti ya foili ifunguliwe mbele yako siku hiyo hiyo, na iliyobaki itupwe, isihifadhiwe kwa mteja mwingine. Kagua tarehe ya kuisha, uliza kama bidhaa imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aseme kabla ya ganzi: tundu la sindano linaweza kufichwa ndani ya nywele za kando ya paji la uso, lakini kovu la namna hiyo huota hata huko.