Bolti mbovu haionekani kwenye skrini

Desemba 2012, katika Ghuba ya Mexico, bolti za kiungio cha mitambo inayozuia kisima kulipuka zilikatika, na mapipa zaidi ya 400 ya matope ya kuchorongea yakamwagika baharini. Kampuni ya GE ya Marekani, waliotengeneza kiungio hicho, wakalazimika kubadilisha bolti zaidi ya 10,000.

Bolti zile zilikuwa na makaratasi yake ya kuthibitisha ubora. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisikia kwamba manunuzi ya kidijitali yatakomesha vifaa vibovu kwenye sekta ya mafuta na gesi, na kwamba mhandisi anayeomba safari ya kiwandani kabla ya kusaini anatafuta posho tu. (Wapo wa posho, sikatai.)

Chuma kigumu kikipakwa zinki kwa umeme hunywa hidrojeni. Kisipookwa tanurini baada ya hapo ili hidrojeni itoke, kinakuwa kama kigae: kinameremeta, kinabeba mzigo, halafu siku moja kinapasuka. Aliyezipaka bolti zile alifuata ASTM B633, kiwango cha kupaka chuma zinki kwa umeme, toleo la 1998, ambalo kwa ugumu wa chuma kile halikudai kuokwa. Toleo la 2007 lilidai. Jina ni lile lile, namba ni ile ile. Hakuhitaji kughushi chochote. Tena alikuwa mkandarasi wa ngazi ya tatu, aliyepewa kazi na wasambazaji wengine na si GE moja kwa moja, ambako ukaguzi wa GE haukufika.

Mfumo wa kidijitali una haki yake. Bei zinalinganishwa, zabuni haipotei kwenye droo, na aliyeidhinisha anajulikana hata baada ya miaka kumi. Uganda, kampuni inayotaka kuhudumia sekta ya mafuta inajisajili kwanza kwenye kanzidata ya taifa ya wasambazaji, na hilo limewafungulia mlango wengi wasio na mjomba ofisini. Lakini kinachosajiliwa pale ni kampuni. Bolti haijisajili.

Watetezi watasema mfumo ungeweza kulinganisha matoleo ya kiwango na kupiga kengele. Ungeweza, kama kuna mtu aliyeuambia toleo linalotakiwa ni lipi, na kama taarifa za mpaka zinki huyo wa ngazi ya tatu zingeingizwa humo. Mtu huyo ni yule yule mhandisi anayelaumiwa kwa kuchelewesha. Kisanduku cha “kiwango” kikijazwa ASTM B633 bila mwaka, bolti nzima na bolti mbovu zinasomeka sawa.