Feuerstein alikuwa mwajiri mwema, lakini usingoje wako awe kama yeye

Ikizuka hoja ya mwajiri mwema, sisi tunaoishi jimbo la Massachusetts, Marekani, humtaja Aaron Feuerstein, Myahudi mshika dini aliyemiliki kiwanda cha nguo cha Malden Mills mjini Lawrence. Hapo ndipo ilipobuniwa flisi ya Polartec, kitambaa laini cha masweta ambayo nyumbani Tanzania tunayakuta kwenye mitumba.

Usiku wa 11 Desemba 1995, siku aliyotimiza miaka 70, kiwanda kililipuka na kuungua. Zaidi ya watu 30 walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Kinacholaumiwa ni vumbi la nailoni, kutoka idara iliyopandikiza nyuzi fupi kwenye kitambaa chenye gundi kwa kutumia umeme. Vumbi kama hilo likijaa hewani, cheche moja inatosha. Mlipuko wa kwanza hutimua vumbi lililotuama juu ya mabomba na boriti, na wa pili ndio hubomoa jengo. Vumbi la pamba nalo hushika moto upesi, kwa hiyo wenye viwanda nyumbani wasikie: linyonywe kwa mashine, lisipulizwe kwa kompresa.

Feuerstein aliahidi kujenga upya palepale. Aliwalipa wafanyakazi waliokosa kazi mshahara kamili wa siku 30, akaongeza hadi 90, na bima ya afya kwa siku 180. Alitaja Kumbukumbu la Torati 24:14, usimwonee kibarua aliye maskini. Namheshimu sana kwa hilo, maana hakuna sheria iliyomlazimisha. Sheria ya Marekani ya 1988 inadai notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda kikubwa, ila janga la ghafla humpunguzia mwajiri wajibu huo. Kiinua mgongo, yaani malipo ya anayeachishwa kazi, si lazima hata kidogo.

Kwa hilo Tanzania imeitangulia Marekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayepunguzwa kazini mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Wa miaka 8 hupata siku 56. Wa miaka 20 hukomea siku 70. Tatizo ni kwamba fedha hizo hutoka mfukoni mwa mwajiri yuleyule aliyekwama. Massachusetts, asiye na kazi hulipwa takriban nusu ya mshahara wake, hadi kiwango cha juu kilichowekwa, kutoka mfuko unaochangiwa na waajiri wote, hata kama kampuni yake imekufa.

Maana wema nao hufilisika. Ujenzi ulizidi dola milioni 400, bima ililipa takriban 300, na pengo likawa deni. Novemba 2001 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Wadai wakaishika, Feuerstein akaondoka. Baadaye uzalishaji ulihamishiwa Tennessee. Alifariki 2021, akiwa na miaka 95.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofanya kazi viwandani Dar, Mwanza au Arusha, fao la kukosa ajira la NSSF lipo: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, ukiwa umechangiwa angalau miezi 18. Mwajiri akikata mchango bila kuupeleka NSSF, hiyo miezi 18 haitimii. Ombeni taarifa ya michango sasa, mkiwa bado kazini, na muilinganishe na makato ya kila mwezi kwenye hati zenu za mshahara.