Karura na Jumamosi ya familia

Fika lango la msitu wa Karura jijini Nairobi, upande wa barabara ya Limuru, Jumamosi asubuhi. Magari yamebeba baiskeli nyuma, watoto wamevaa kofia, mbwa wanavuta kamba, na akina baba walioambiwa na daktari wapunguze uzani wanafunga viatu huku wakilalamika kuhusu magoti. Ndani kuna maporomoko ya maji, mapango yaliyokuwa maficho ya wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau, na mbega wakirukaruka juu ya miti. Ukimwuliza mtoto pale msitu ni nini, atakwambia ni mahali pa kwenda baada ya chai.

Katika msitu huu huu, Januari 8, 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikuja na mche wa kupanda wakakuta genge la walinzi likiwasubiri. Alipasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na alipotakiwa kutia saini, akaitia kwa damu yake. Vipande vya Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya. Purukushani zilizofuata, za wanafunzi wa vyuo vikuu na polisi, ndizo zilizomfanya Rais Moi atangaze Agosti mwaka huo kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umesimamishwa.

Kuna malalamiko ninayoyasikia kila mara kutoka kwa wanaharakati wenzangu, na yana uzito. Wanasema tumezaa kizazi cha watembeaji. Watu wanakula matunda ya mti ambao hawakuupanda, wanapiga picha, wanakunywa kahawa, wanarudi nyumbani. Waite kwenye kikao cha kukusanya maoni ya umma uone viti vinavyobaki vitupu. Rafiki yangu mmoja anawaita "wateja wa msitu", na hasemi hivyo kwa kuwasifu.

Mimi nimekuwa upande huo kwa miaka mingi. Sasa nina shaka nao.

Kabla ya uzio wa umeme, Karura ilikuwa jina la kutisha. Mwanamke hakuingia peke yake. Wakazi wa mitaa ya jirani walipoungana kama Marafiki wa Msitu wa Karura na kuanza kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, kilichoufukuza uhalifu ni miguu ya watu wengi pamoja na ule uzio. Viingilio vya hao hao "wateja" vimesaidia kulipa walinzi na kutengeneza njia. Mwaka 2024 ulipojitokeza mpango wa kumega zaidi ya ekari 50 za msitu kwa ajili ya kupanua barabara ya Kiambu, na Agosti 2025 ilipoagizwa kwamba kiingilio kilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, suala la pili likafika hadi mahakamani, waliopiga kelele hawakuwa wanaharakati peke yao. Walikuwa pia watu wenye baiskeli na mbwa. Mtu hutetea mahali anapopajua kwa nyayo zake, na mtoto aliyejikwaa kwenye mzizi fulani atauliza siku ule mti usipokuwepo.

Kwa hiyo matembezi si adui wa harakati. Lakini si harakati pia, na hapo ndipo tunapojidanganya.

Chukua Novemba 13, 2023. Serikali ilitangaza mapumziko ili taifa zima lipande miti, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nyumbani kwetu tulifurahi sana. Tulibeba jembe, chapati na binti yangu wa miaka minane, tukapanda miche kumi na miwili pembezoni mwa kijito. Ilikuwa pikiniki na uzalendo kwa pamoja, kazi na familia katika siku moja. Ndio usawa ambao kila mzazi mwanaharakati anauota. Tuliporudi Februari ilikuwa imebaki miwili. Hakuna aliyekuwa amepewa zamu ya kumwagilia.

Sisemi kupanda ni bure. Vuguvugu la Maathai la kupanda miti, Green Belt, lilianza mwaka 1977 kwa miche saba tu, na wanawake wa vijijini waliolisimamisha walilipwa kidogo kwa kila mche uliokua, si kwa kila mche uliochomekwa ardhini siku ya sherehe. Ninachosema ni kwamba sehemu ya harakati inayoelewana na watoto, yaani jembe, picha na kofia, siyo iliyookoa misitu ya Nairobi. Iliyoiokoa, pamoja na zile purukushani, ni barua. Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya umma ya Uhuru Park mwaka 1989, alianza kwa kuandika, akaandikia ofisi baada ya ofisi. Leo kazi hiyo ni kusoma Gazeti Rasmi la Serikali, kuhesabu siku zilizobaki za kuwasilisha pingamizi, kufuatilia nani ameomba mpaka wa msitu ubadilishwe. Mtoto hawezi kuifurahia. Hata mimi siifurahii.

Na nyumba hulipa. Katika kisa cha Maathai tunapenda kuruka sura hii. Ndoa yake ilivunjika kwa talaka iliyoanikwa hadharani, akafungwa siku chache kwa kudharau mahakama baada ya kumkosoa hakimu, na akabaki hana uwezo wa kuwatunza watoto wake watatu, hata kuna wakati ilibidi wakaishi kwa baba yao. Alipokuja kupinga lile jengo la Uhuru Park, wabunge walilidhihaki kundi lake kuwa ni la wanawake walioachika. Neno hilo lilichaguliwa kwa makusudi: mwanamke wa harakati hushambuliwa kwanza kupitia sebule yake. Mwanamume anayekesha mikutanoni huitwa kiongozi. Sijawahi kusikia mmoja wao akiulizwa watoto wamekula nini.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodai tutoe kila Jumamosi. Kundi letu la mtaani lilifanya hivyo kwa miaka miwili: usafi wa mto wiki hii, miche wiki ijayo, maandamano wiki inayofuata. Waliobaki mwishoni walikuwa wasio na watoto wadogo, wastaafu, na mimi, ambaye binti yangu alikuwa ameanza kuuita mto ule "ule wa Mama". Hakuwa anasifu.

Sasa tumegeuza. Jumamosi ni ya msitu na familia, bila mabango. Alhamisi usiku, saa mbili hadi saa nne, ni ya karatasi: mmoja anasoma matangazo, mwingine anaandika barua, wa tatu anapigia simu wakili anayetusaidia bila malipo. Mume wangu analaza mtoto na kuosha vyombo, na nimejifunza kutokagua sufuria nikirudi. Tunafanya mambo machache kuliko zamani. Barua tulizotuma mwaka huu ni nyingi kuliko zile za miaka miwili ya jasho.

Wapo wanaosema huu ni uanaharakati wa watu wenye mashine ya kufulia, na sina jibu kamili. Kandokando ya Karura kuna kijiji cha Huruma. Wanawake wa pale huingia msituni kwa ajili ya kuni, wala si matembezi. Wanavijua vichochoro vyake kuliko mwendesha baiskeli yeyote, na wangekuwa wa kwanza kuona mti uliowekwa alama ya kukatwa. Kiingilio ambacho kwangu ni bei ya soda, kwa mama mwenye watoto wanne ni hesabu. Jumamosi yake ni siku ya kufulia watu nguo. Tulipomwomba mmoja wao ajiunge nasi Alhamisi, hakukataa. Aliuliza tu kikao kitakwisha saa ngapi, maana mtaani kwake maji hufunguliwa usiku, na asipokuwepo, hakuna wa kumwekea mtungi kwenye foleni.