Dawa ya Maisha, na Mtoto Bado Hakai

Huku Nyanda za Juu Kusini ukitaja tezi ya shingo, mtu anakujibu rovu na chumvi yenye madini joto. Kwa ugonjwa wa MCT8, wa kuzaliwa nao, unaoizuia homoni ya tezi kuingia kwenye ubongo, jibu hilo halifai: shingo haivimbi, na chumvi haisaidii kitu. Dawa yake inaitwa Triac, na wapo wanaoiona kazi bure.

Mtoto, karibu daima wa kiume, huzaliwa na hitilafu katika jeni ya kromosomu X. T3, homoni ya tezi, imejaa tele kwenye damu, ila mlango wa kuiingiza kwenye ubongo, ndio MCT8 yenyewe, ni mbovu. Ubongo unalala njaa huku moyo na misuli vikivimbiwa. Mwone mtoto huyo kule Uyole, Mbeya, baridi ya Julai: wenzake wamevalishwa masweta mawili mawili, yeye mgongo umelowa jasho, shingo haijakaza, moyo unakwenda mbio, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unazidi kushuka.

Triac ni dawa inayofanana na T3 lakini haihitaji mlango ule. Jaribio la watu 46 wa Ulaya na Afrika Kusini, lililochapishwa 2019, lilionyesha T3 ikishuka, uzito ukipanda na moyo ukitulia. Wagonjwa 67 waliofuatiliwa, wengine hadi miaka 6, hawakupoteza nafuu hiyo.

Wenye shaka na Triac nao wana hoja nzito. Jaribio lile halikuwa na kundi la kulinganisha. Tena ubongo uliokosa homoni tangu tumboni haujarudishwa. Bibi akiuliza, "Dawa gani hii ya kila siku, na mtoto bado hakai?", asichekwe. Halafu wapo watoto waliozaliwa na tezi isiyofanya kazi kabisa. Hao kidonge cha kawaida cha levothairoksini, kikianza wiki za mwanzo, huwaokolea akili. Shilingi ikiwa moja tu, mimi naanza na hao.

Ila kuiita Triac kazi bure, hapana. Takriban 3 kati ya 10 wenye MCT8 hufa wangali watoto, na wembamba wa miaka ya mwanzo umeonekana kwenda sambamba na vifo hivyo. Kilo mbili zikiongezeka kwenye mizani si urembo.

Kinachoniudhi ni jambo dogo zaidi. TSH, homoni inayoiamrisha tezi, inapimwa peke yake, inarudi ya kawaida, na mama anashuka Tukuyu na karatasi iliyoandikwa mtindio wa ubongo. Damu ilikuwa imeshatolewa. T3 ingeweza kupimwa humo humo.